Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maziwa ya pwani

Kwa: Wakuu wa mamlaka za maji, mazingira na uvuvi, pamoja na halmashauri zote zenye ziwa la pwani ndani ya mipaka yao

YAH: KUCHIMBULIWA KWA MILANGO YA MAZIWA YA PWANI KABLA YA WAKATI WAKE

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima, na tunawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha tumekwisha kuzimaliza. Barua zenye vipimo zilipelekwa, ramani zikaambatanishwa, vikao vikaombwa. Jibu limekuwa lile lile, kwamba suala linashughulikiwa. Huku likishughulikiwa, katapila hurudi juu ya ukingo wa mchanga kila maji yanapopanda kidogo, mfereji unachimbwa, na ziwa linamwagika baharini kwa siku moja au mbili.

Tunazungumzia maziwa yale ambayo ukingo wa mchanga umeyatenga na bahari, mto ukiyaletea maji baridi kwa upande mmoja na bahari ikiyapa chumvi kwa upande wa pili. Mlango ni pengo katika ukingo huo, ambamo ziwa na bahari hukutana. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Mto hauna hata nusu gramu. Ziwa huwa popote katikati ya hapo, na hubadilika kwa msimu, kwa mahali, hata kwa kina: juu ya mtumbwi maji yanaweza kuwa karibu baridi na mita mbili chini yake yakawa ya chumvi kali. Viumbe wa humo wameumbwa kuyastahimili mabadiliko hayo. Wasichoweza kustahimili ni ziwa kuondoka lote kwa siku moja, katika mwezi usio wake.

Ombi letu kuu ni moja: mlango wa ziwa usifunguliwe kwa mashine kwa kutazama kimo cha maji peke yake. Kimo kitazamwe pamoja na chumvi, oksijeni ya chini na msimu. Malalamiko yetu ni haya.

1. Mlango unachimbuliwa maji yakiwa chini mno

Mawimbi huleta mchanga mlangoni kila siku, na mto huusukuma nje. Mto ukidhoofika, mawimbi hushinda na ukingo hufunga. Maji ya nyuma yake hupanda taratibu, kwa wiki au miezi, hadi yaanze kuvuka juu ya mchanga. Kijito hicho cha kwanza hukata njia, njia huwa korongo, na katika saa chache kinachoonekana ni mto mpana unaochimba hadi chini kwenye tope la miaka iliyopita. Kazi hiyo ya kusafisha ndiyo inayolifanya ziwa libaki ziwa.

Nguvu yake yote hutokana na tofauti ya kimo kati ya ziwa na bahari. Tofauti ikiwa nusu mita, maji yanaweza kufikia kasi ya takriban mita 3 kwa sekunde kabla ya msuguano kuyapunguza. Ikiwa mita 1, ni mita 4.4. Ikiwa mita 2, ni mita 6.3. Tena mchanga unaobebwa hauongezeki sawa na kasi, bali kwa haraka zaidi: kasi ikiongezeka maradufu, mchanga huongezeka mara nane au zaidi. Chukueni pia wingi wa maji. Ziwa la kilomita za mraba 10 lililoinuka mita 2 lina meta za ujazo milioni 20 za kusukuma, na likifunguliwa kwenye mita 1 limepoteza nusu ya maji hayo pamoja na sehemu kubwa ya kasi yake.

Kwa hiyo mlango uliochimbuliwa mapema huwa mtaro wa kina kifupi. Tope halitoki. Mawimbi huuziba ndani ya siku au wiki chache, na ziwa hubaki limefungwa, likiwa chini, bila mvua ya kulijaza tena. Msimu unaofuata kina kimepungua kwa tope lililobaki, mafuriko yanapanda upesi zaidi, malalamiko yanakuja mapema zaidi, na katapila linaitwa tena. Anayetazama orodha ya tarehe za kufungua mlango kwa miaka kumi ataiona njia hii wazi, maana vipindi kati ya tarehe moja na nyingine huzidi kufupika. Tunawasihi muitazame orodha yenu.

2. Maji mazuri ndiyo yanayotoka, mabaya yanabaki

Hili ndilo linalotuumiza kuliko mengine, kwa kuwa matokeo yake huonekana siku ya pili yake ufukweni, nayo huelezwa kuwa ni sumu iliyomwagwa na mtu asiyejulikana.

Lita ya maji ya bahari ni nzito kuliko lita ya maji baridi kwa gramu 25 hivi. Ziwa likiwa limefungwa na upepo umetulia, maji ya chumvi hukaa chini na maji baridi hukaa juu kama kifuniko. Oksijeni haipenyi. Tope, ambalo limejaa majani yaliyooza na bakteria, huila oksijeni iliyopo. Na si nyingi kuanzia mwanzo: kwa joto la nyuzi 30 za selsiasi, lita ya maji baridi haiwezi kushika zaidi ya miligramu 7.5 hivi, na ya maji ya bahari 6.2. Ikishuka chini ya 4, samaki wengi huanza kutaabika. Chini ya 2, kaa na minyoo ya tope huanza kufa na samaki hukimbilia juu. Ikiisha kabisa, tope hutoa salfidi ya haidrojeni, ile gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu hata kwa kiasi kidogo.

Sasa mlango unachimbuliwa. Tabaka la juu, ambalo samaki wamelikimbilia, ndilo linalotoka kwanza. Maji meusi ya chini yanabaki, na samaki walionusurika wanashushwa ndani yake. Uovu haukumwagwa na yeyote, ulikuwemo chini ukisubiri kifuniko kiondolewe. Kipimo kimoja cha oksijeni karibu na sakafu ya ziwa, siku mbili kabla, kingetosha kuonya.

Tatizo ni namna vipimo vinavyochukuliwa, pale vinapochukuliwa. Kupima saa sita mchana, gatini, kwenye maji ya juu, ni kupima saa nzuri kuliko zote mahali pazuri kuliko pote, kwa sababu mimea hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku. Kipimo chenye maana ni cha kabla ya mapambazuko, sentimita 20 kutoka chini. Kichwa cha kifaa kisiguse tope, kikigusa kitasoma sifuri ya uongo. Na kifaa kiwekewe kwanza kiwango cha chumvi cha mahali pale, maana kikiachwa kwenye mpangilio wa maji baridi kitaonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Tumeona jedwali ambazo kosa hili la mwisho limezifanya zote zipendeze.

3. Kalenda ya viumbe haiulizwi

Mikizi hutaga baharini. Watoto wao, wa sentimita 1 hadi 3, husogea pwani wakitafuta mlango, huingia ziwani, hukua humo, kisha hutoka wakiwa wakubwa. Kamba nao hutaga baharini, na watoto wao wa urefu wa sentimita 1 hivi huingia na maji yanayojaa, wengi wao usiku. Mikunga wa maji baridi, samaki warefu kama nyoka, huishi mtoni na ziwani kwa miaka, hushuka kwenda kutaga mbali baharini, na wadogo wao, waangavu kama kioo, ndio hurudi kupanda.

Wote hao wanategemea mlango uliofunguka katika miezi fulani. Ukifunguliwa miezi mitatu mapema, hakuna anayeingia, na waliokuwa wanakua wanasombwa nje kabla ya wakati. Miezi ya kuingia inapofika mlango umekwisha kujiziba. Mwaka huo ziwa linakosa kizazi kizima. Upungufu hauonekani mara moja, huonekana nyavuni mwaka wa pili au wa tatu, wakati hakuna tena anayekumbuka tarehe ya katapila.

Ndege pia wana tarehe zao. Buabua na vitwitwi baadhi hutaga juu ya mchanga mtupu wa ukingo, bila kiota cha kuonekana, mayai yakiwa na rangi ya mchanga wenyewe. Dereva aliye juu ya mashine hawezi kuyaona. Lazima mtu atembee kwa miguu mbele yake, asubuhi, na kuweka alama.

4. Nyasi, mikoko na tope la ndege

Nyasi za chini ya ziwa ndizo malisho, maficho ya samaki wadogo, na kishikio cha tope. Kimo kikishuka ghafla kwa mita nzima, zile za kingoni hubaki juani, na siku chache za jua kali zinatosha kuzikausha hadi mizizi. Kimo kikishuka polepole, hufuata maji.

Tope lililo wazi nalo si kitu kibaya kwa kila mtu. Ndege wadogo wa pwani hula kwenye tope tupu au maji yasiyozidi sentimita chache, na ziwa likijaa hadi ukingoni hukosa pa kulia, ilhali heroe na mwari huhitaji maji. Kushuka kidogo wakati makundi ya ndege wahamaji yanajaza mafuta mwilini kabla ya safari ni baraka, lakini kushuka kote kwa siku moja humaliza tope lote kwa wiki, hukauka, na funza walio ndani yake hufa.

Hatusemi mlango usiguswe kamwe. Kosi Bay ya Afrika Kusini, mwaka 1965 kuingia 1966, ilifungwa kwa takriban miezi mitano, maji yakapanda, na mikoko ikafa kwa sababu mizizi yake inayopumulia ilizama muda mrefu kuliko inavyoweza. Pale kufungua kwa wakati kungeokoa. Na Chilika, katika jimbo la Odisha nchini India, lilikuwa likijaa tope na magugu ya maji baridi kwa kuzibwa mlango wake, hata likaingizwa mwaka 1993 kwenye orodha ya Montreux, orodha ya ardhioevu zilizo hatarini chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Wasimamizi wake walichunguza kwanza mwendo wa maji na mashapo, ndipo Septemba 2000 wakachimba mlango mpya. Chumvi ilirudi, uvuvi ukafufuka, na mwaka 2002 ziwa likaondolewa kwenye orodha hiyo. Kuchimba si dhambi. Tunalalamikia kuchimba kabla ya kuchunguza.

5. Maji baridi yanakatwa juu, lawama inawekwa mlangoni

Mto unaowekewa mabwawa na pampu za umwagiliaji hauna nguvu ya kuuweka mlango wazi. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya milango mingi kufunga, nayo haitatibiwa kwa katapila.

Fanyeni hesabu ndogo. Ziwa lenye kina cha mita 1 na chumvi ya gramu 35, lisilopokea maji yoyote, likipoteza milimita 5 kwa siku kwa jua na upepo, baada ya siku 100 limepoteza nusu mita. Chumvi haivukizwi. Imebaki yote katika nusu ya maji, na sasa ni gramu 70 kwa lita, maradufu ya bahari. Chaza hawawezi, nyasi hazichanui, samaki wengi wamekwisha kuhama au kufa.

Ziwa la pwani la Coorong, kusini mwa Australia, ni ushahidi mzito. Kuta za kuzuia maji karibu na mlango wa mto Murray zilikamilika mwaka 1940, na maji ya mto yalizidi kuchotwa juu. Mlango ulijifunga mwaka 1981. Kuanzia 2002 ilibidi mashine za kufukua mchanga zifanye kazi kwa miaka mfululizo ili tu ubaki wazi, na katika ukame ule sehemu ya kusini ya Coorong ilipata chumvi zaidi ya mara tatu ya bahari. Ziwa la St Lucia, Afrika Kusini, lilitenganishwa na mto Mfolozi mwaka 1952 kwa hofu ya tope la mto huo. Ukame ulipokuja miaka ya 2000, ziwa lilikosa maji ya mto ambayo yangeliokoa, na sehemu kubwa ya sakafu yake ikakauka. Kuanzia mwaka 2012 wasimamizi waligeuza sera na kuanza kuurudisha mto ule ule.

6. Mbolea na majitaka

Hapa tutasema kwa ufupi, kwa kuwa sheria nyingi zimekwisha kuandikwa na kinachokosekana ni kuzitekeleza. Naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na mashimo ya vyoo hulisha mwani mdogo unaoelea, maji hubadilika rangi, mwanga haufiki chini, nyasi hufa, na kuoza kwake humaliza oksijeni. Oksijeni ikiisha, tope huachia fosforasi liliyoishika miaka yote, kisha ziwa huanza kujilisha lenyewe hata mkizuia ya nje. Mar Menor ya Hispania ilipitia haya yote: mwaka 2016 maji yaligeuka kijani na sehemu kubwa ya mimea ya chini ikafa, Oktoba 2019 samaki na kamba walijaa ufukweni wakitafuta hewa, Agosti 2021 ikawa tena. Mwaka 2022 nchi hiyo ililipatia ziwa lenyewe hadhi ya mtu mbele ya sheria. Ni hatua tunayoiheshimu, ila ilikuja baada ya nyasi kufa.

Majibu tunayoyatarajia

Mtatuambia nyumba zinaingia maji. Uhai wa watu kwanza, na hatutabishana juu ya hilo hata kidogo. Lakini swali la haki ni nani aliyeruhusu kujenga chini ya kimo ambacho ziwa hujifungulia lenyewe. Kimo hicho kinajulikana, huacha alama ya takataka kavu na mstari wa mimea kuzunguka ziwa lote. Kwa nyumba zilizokwisha kujengwa zipo njia: kuinua barabara, kuhamisha mashimo ya vyoo, kuweka vali za njia moja kwenye mitaro ya mvua ili ziwa lisirudi mitaani. Na kwa hatari ya ghafla, ipo njia ya kati ambayo tumeieleza mara nyingi: badala ya kukata mlango, mchanga wa sehemu moja ya ukingo unapunguzwa juu kwa juu hadi kimo kilichokubaliwa, sentimita 20 au 30 chini ya sakafu ya nyumba iliyo chini kuliko zote, na kuachwa mkavu. Mto ukifurika usiku, maji hupita hapo yenyewe, kwa kimo cha juu na kwa nguvu kamili, bila kumwamsha dereva.

Mtasema ni mbu. Ziwa likimwagwa ghafla huacha madimbwi mamia yasiyo na samaki wa kula viluwiluwi. Tunaomba mtu ahesabu viluwiluwi kabla na baada ya kufungua, kwa kuchota maji kwa kikombe kile kile mahali pale pale, ndipo tuzungumze.

Mtasema tuchimbe mfereji wa kudumu yaishe. Dawesville, magharibi mwa Australia, walichimba wa kilomita 2.5 na kuufungua mwaka 1994, kwa sababu ziwa la Peel-Harvey lilikuwa likifunikwa kila mwaka na mwani wenye sumu. Ndani ya ziwa mwani huo ulitoweka. Lakini kujaa na kupwa kuliongezeka, vinamasi vya chumvi vikaanza kufunikwa mara nyingi zaidi na mbu wakaongezeka, na mito inayoingia ziwani iliendelea kuugua kwa sababu mbolea haikukoma. Mfereji wa kudumu hulifanya ziwa kuwa ghuba. Pengine mahali fulani hilo ndilo linalotakiwa, ila liamuliwe hivyo kwa kujua, na uamuzi huo haurudishwi nyuma.

Mtasema hakuna fedha za vifaa. Kifaa kimoja cha kupimia chumvi, joto na oksijeni, chenye kebo ya mita 5 hadi 10, kinatosha maziwa kadhaa kikizungushwa. Sahani yenye rangi nyeusi na nyeupe, ya kipenyo cha sentimita 20, ikiteremshwa kwa kamba hadi ipotee machoni, hupima uwazi wa maji na fundi wa bati anaweza kuikata. Siku moja ya katapila ina gharama yake pia.

Tunachoomba

Kwanza, nguzo ya kupimia kimo katika kila ziwa, sifuri yake ikifungwa kwenye usawa wa wastani wa bahari na wapima ardhi, si kuwekwa popote palipofaa kupigilia. Ziwa pana liwe na nguzo mbili, moja kila upande, kwa kuwa upepo wa siku nzima huweza kulundika maji upande mmoja na kumfanya msomaji wa nguzo moja aamini ziwa limepanda.

Pili, vipimo vya kila wiki katika vituo vitatu: karibu na mlango, katikati, na mto unapoingia. Kila kituo kipimwe katika kina tatu tofauti: sentimita 20 chini ya uso wa maji, katikati, na sentimita 20 juu ya tope. Maji yakikaribia kuvuka ukingo, vipimo viwe vya kila siku. Vibandikwe mahali wavuvi wanapoona.

Tatu, masharti ya kufungua yaandikwe na yasainiwe kabla ya msimu wa mvua, wakati hakuna aliye na hofu: kimo kisiwe chini ya kile cha asili, oksijeni ya chini isipungue miligramu 4 kwa lita katika vituo viwili kati ya vitatu, kusiwe na mayai wala makinda ukingoni, na mto uwe na maji ya kuufanya mlango udumu. Sharti moja lisipotimia, mlango usubiri, isipokuwa uhai wa watu uko hatarini, na hapo sababu iandikwe na jina la aliyeamua.

Nne, ikibidi kuchimba, kuchimbwe hivi. Taarifa itolewe saa 48 kabla. Ichaguliwe siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa zaidi, mawimbi yakiwa yametulia, maana siku za maji mafu, kujaa na kupwa kunapokuwa kudogo, bahari haishuki kiasi cha kuvuta. Pachaguliwe mahali mkondo wa zamani wa ziwa unapofika ukingoni, mbali na matuta yenye mimea. Mtaro uwe wa mita 2 hadi 3 tu kwa upana, uchimbwe kuanzia upande wa bahari, na kizibo cha mchanga kiachwe upande wa ziwa. Kupanua zaidi ni kosa la kawaida: maji hutandazwa, hupoteza kina, nguvu inakwisha. Mchanga uliotolewa urundikwe mbali, usiporomoke tena mtaroni. Kizibo kiondolewe saa moja hivi baada ya maji kuanza kupwa, ili mkondo upate saa tano za kukata mchanga bahari ikishuka. Kisha mashine na watu waondoke kabisa. Mtaro wa mita 3 wa asubuhi unaweza kuwa na makumi ya mita kabla ya jua kuchwa, na kingo zake huanguka bila onyo. Nyavu zisitegwe mlangoni wala karibu yake kwa mwezi mzima unaofuata.

Tano, sehemu ya maji ya mto itengwe kwa ajili ya ziwa katika vibali vyote vya kuchota, kwa kiasi na kwa miezi, na kibali kipya kisitolewe mpaka sehemu hiyo ijulikane.

Sita, kwa maziwa yaliyoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ibara ya 3 inazitaka nchi wanachama zitoe taarifa bila kuchelewa pale hali ya kiikolojia ya ardhioevu inapobadilika au inapoelekea kubadilika. Tunaomba taarifa hizo zitolewe, na nakala zake ziwe wazi kwa umma.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likieleza ombi gani limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Pamoja na jibu hilo tunaomba orodha ya tarehe zote za kufungua milango kwa miaka 10 iliyopita, na kimo cha maji kilichosomwa kila siku hiyo. Kama siku hizo kimo hakikusomwa, tunaomba hilo nalo liandikwe.

Wenu kwa heshima,

Wafuatiliaji wa maziwa ya pwani

Nakala: Vyama vya wavuvi wa maziwa ya pwani, wakulima wa kandokando ya mito inayoyalisha, wananchi wote